Mtu wa Chini Kabisa Kisimani Dungo

Molu Tadhi alishuka kisimani Dungo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, na watu wakamwacha hukohuko miaka thelathini na tisa. Sisemi kwamba walimfungia. Kila jioni alipanda, akaoga, akala kwake na mkewe na watoto kama mtu mwingine yeyote. Lakini ukimuuliza mtu wa Dungo Molu ni nani, atakujibu "yule wa chini", basi, hana la kuongeza. Ng'ombe wa Waborana wa upande ule wote wamekunywa maji yaliyopita mikononi mwake, na wenye ng'ombe hao wakipishana naye njiani hawamtambui mpaka aseme jina.

Dungo ni kisima cha watu wanane. Mmoja anasimama chini kabisa, maji yamemfika magotini, anachota na kumrushia ndoo wa pili aliyesimama kwenye ngazi ya mwamba juu yake. Wa pili anamrushia wa tatu, hivyohivyo mpaka ndoo inafika juu na kumwagwa kwenye hori la udongo, na tupu inarudi kwa njia ileile. Kazi hiyo haifanyiki bila wimbo. Wimbo ukikatika mikono inapishana, ndoo inamvunja mtu meno. Na wimbo una taratibu zake. Asubuhi unaanza kwa kumtaja baba wa zamu, yaani mwenye fimbo, anayekaa juu na kuamua nani anyweshe leo na nani amfuate. Kisha kila kundi likishuka horini, waimbaji wanamtaja mwenye ng'ombe pamoja na rangi ya fahali wake.

Molu hakuona kitu huko chini ila kipande cha mbingu. Lakini alisikia. Kwa miaka yote hiyo ya kusikia majina, zamu ya Dungo ilimkaa kichwani nzima nzima: nani ana siku gani, nani alimwachia nani nafasi mwaka gani wa ukame, mjane gani alirithi siku ya marehemu mumewe. Hakuna aliyemwambia ajifunze. Alijifunza kwa wasiwasi, kwa sababu mzee Arero, baba wa zamu, alikuwa ameanza kusahau, na Molu alikuwa wa kwanza kugundua. Mchana wakipumzika alimwomba Bonaya, yule wa pili, amtahini.

"Ya nini yote haya?" Bonaya alimuuliza siku moja. "Unadhani watakupa fimbo, wewe?"

"Fimbo ya nini? Siku mzee akikwama, lazima awepo mtu anayejua. Haya, niulize ya kesho kutwa."

Mzee Arero mwenyewe alijua. Akitatizika, alisogea mdomoni mwa kisima akijifanya anakohoa, akainama na kunong'ona, "Molu, mwanangu, leo baada ya watu wa Halake ni nani?" Jibu lilipanda, mzee akarudi kukaa kama aliyekumbuka mwenyewe. Alikuwa muungwana, hata hivyo. Mwaka juzi, mbele ya baraza la kisima, alisema wazi kwamba siku asipoweza tena wamuulize Molu. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. "Baba wa zamu mwenye magoti ya chura!" alisema mmoja wao, na maneno hayo yakatembea boma kwa boma. Molu aliyasikia akiwa chini, kwa kuwa yalitiwa hata kwenye wimbo. Akachota.

Sasa njoo kwenye ule ukame. Mvua ilikuwa imekosa mara mbili mfululizo, na zamu ya kunywesha ilikuwa imesogezwa hadi siku ya nne. Ng'ombe wa Kiborana ni mvumilivu, siku ya nne anafika. Siku ya nane hafiki. Kwa hiyo mwenye kunyang'anywa siku yake wakati kama ule hajanyang'anywa siku, amenyang'anywa ng'ombe. Kila mtu Dungo alilijua hilo, na ndiyo maana yaliyotokea yananikereketa hadi leo.

Siku hiyo ilikuwa ya Darmi. Darmi ni mjane wa Jilo. Kutoka ng'ombe thelathini alikuwa amebaki na kumi na mmoja, na alitembea nao siku mbili kutoka malishoni ili awe wa kwanza kwenye uzio wa miiba unaozunguka kisima. Mmoja alikuwa amelala chini, anainuliwa kwa kushikwa mkia. Mzee Arero alifika asubuhi, akasalimia watu na ng'ombe wao, akakaa mahali pake, akafungua mdomo amtaje wa kwanza. Mdomo ukaenda upande. Mkono ukalegea, fimbo ikadondoka vumbini, na mzee akaifuata.

Walimbeba hadi kwenye pikipiki iliyompeleka zahanati. Fimbo ilibaki pale chini. Walikuwepo wazee watano, vilemba vyeupe, kila mmoja na fimbo yake nzuri ya kutembelea, watu ambao kwenye baraza hawaachiani nafasi ya kusema. Hakuna aliyeinama.

"Tungoje baraza," alisema mmoja.

"Baraza lini?" Darmi aliuliza.

"Siku ya tano hivi. Watu wa mbali wafike."

"Siku ya tano! Huyu aliyelala hapa nimwambie angoje baraza?"

Ndipo Kanchora, mwenyekiti wa kijiji, alipotokea kwa haraka ya mtu aliyekuwa karibu muda wote. Aliokota fimbo, akaipangusa kwa shuka, akamkabidhi shemeji yake Galma, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye kilemba kipya na simu mbili. Na tazama bahati ya ajabu: nyuma yao, vumbini, mafahali sitini wa mfanyabiashara wa mjini walikuwa wamekwisha kupangwa wakingoja.

"Kwa leo Galma atashika," Kanchora alitangaza. "Hawa wanapanda lori mchana. Ni dharura, wanywe kwanza. Wengine watafuata maji yakibaki."

"Yakibaki?" Darmi alipiga kelele. "Mwenyekiti, leo ni siku yangu!"

"Mama, usilete ubishi. Nani anasema ni siku yako? Aliyejua zamu kapelekwa zahanati."

Wazee watano walitazama viatu vyao. Ningependa kuandika kwamba hata mmoja alikohoa. Hakukohoa mtu.

Huko chini wimbo ulianza kama kawaida kwa jina la Arero. Molu alikwisha kuchota ndoo sita aliposikia linalofuata. Wa juu kabisa aliimba kwa sauti ya kusitasita, "Ng'ombe wa mgeni." Molu akabaki na ndoo mkononi.

"Wa nani?"

"Wa mgeni," Bonaya alirudia.

"Dungo hakuna mtu anaitwa Mgeni. Uliza."

Swali lilipanda mdomo kwa mdomo, watu saba, na jibu likashuka vilevile: mzee kaanguka, fimbo anayo Galma, Darmi analia. Molu alitundika ndoo kwenye jiwe, akashika ngazi, akaanza kupanda akiwapita wenzake mmoja mmoja, nao wakijibana ukutani kumpisha. Kwa miaka thelathini na tisa hakuwahi kupanda kazi ikiwa katikati.

Alitokeza juani na kitambaa kimoja kiunoni, matope hadi kifuani, hana kilemba, hana fimbo, anakunja macho kwa mwanga. Wenye mifugo wengine waliuliza ni nani huyu.

"Wewe!" Kanchora alimfokea. "Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita."

"Basi rudi chini. Ng'ombe wanangoja maji."

"Ng'ombe wa nani?"

"Hiyo si kazi yako."

"Leo ni siku ya Darmi, mjane wa Jilo," Molu alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa anasema kama alivyozoea kumwambia Bonaya mchana. "Baada yake Halake, fahali wa kijivu. Baada ya Halake, wana wa Godana, wawili, mkubwa kwanza. Halafu Liban, ila Liban alimwachia Sora nusu ya nafasi mwaka jana, kwa hiyo Sora anaanza. Kesho ni watu wa Dida." Akaendelea hivyo, siku zote nne, bila kukosea, na kila aliyetajwa aliitikia kwa kichwa. Alipomaliza akamgeukia Kanchora. "Na wewe, mwenyekiti. Nafasi unayonyweshea, siku ya tatu, ya pili kutoka mwanzo. Unakumbuka uliipataje?"

Kanchora akarekebisha shuka begani.

"Ulipewa na Jilo. Mume wa huyu mama. Ule mwaka ng'ombe wako walikuwa wanakufa hapa hapa kwenye uzio, akakupisha, na hakuidai tena. Watu wamesahau kwa kuwa hawakuwa chini. Mimi nilikuwa chini. Nilikuchotea mimi."

Darmi alikuwa hajui habari hiyo. Alimtazama mwenyekiti usoni kwa muda, na mwenyekiti akapata jambo la kutazama upande wa pili.

Galma akajaribu kuokoa hali. "Sawa, anajua majina. Sasa mnataka tuongozwe na mtu wa matope? Na akikaa yeye hapa, chini atachota nani?" Akacheka, akitazama wenzake wamsaidie kucheka.

"Swali zuri," Molu alisema. "Mimi nimepanda, nafasi iko wazi. Vua kilemba."

"Mimi?"

"Si umeshika fimbo ya kisima? Nenda ukaone maji yanatoka wapi. Bonaya atakuelekeza, yeye hana maneno mengi."

"Shuka, baba!" Darmi aliita, machozi bado yako mashavuni. "Maji hayaumi!"

"Simu nitakushikia," akadakia Halake, na safari hii watu walicheka kweli. Kijana aliyekuwa na njia mbili, kushuka au kuonekana mwoga mbele ya uzio mzima, alichagua kushuka. Molu alichukua fimbo mkononi mwake, akakaa mahali pa Arero na matope yake yaleyale, akasema, "Darmi, lete ng'ombe."

Walikunywa. Yule aliyelala alipelekewa ndoo palepale, akanyanyua shingo, kisha miguu ya mbele, kisha ya nyuma. Chini, Galma alichota tope zaidi ya maji, akarusha ndoo ikamgonga Bonaya begani, akapumzika mara tisa. Kabla ya saa sita alipandishwa anatapika, viganja vimechubuka, na Bonaya akachukua nafasi. Mafahali sitini walinywa pia, mwisho kabisa, maana Dungo mnyama hanyimwi maji, anapangiwa tu. Lori lilingoja. Halikufa.

Siku tano Molu aliongoza, na ukame haukuua ng'ombe hata mmoja kwenye uzio wa Dungo kwa kukosa siku yake. Asubuhi alikaa juu na fimbo. Mchana, wachotaji wakichoka, alishuka mwenyewe kuwapokea. Hakubadilisha hata shuka. Watu waliokuwa hawamtambui njiani walianza kumwita Baba Elema, kwa jina la binti yake mkubwa, kama heshima inavyotaka. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya sita baraza likakaa. Buni za kahawa zilikaangwa kwa samli, zikazungushwa wazitafune, wakabariki kisima, wakabariki ng'ombe, wakabariki mvua ambayo haijaja. Kisha wakamsifu Molu. Walimsifu asubuhi nzima. Wale watano wa kutazama viatu ndio waliosifu zaidi. Mmoja alisema moyo wake ulikuwa unamtuma asimame siku ile, ila goti lilimshika. Mzee Arero aliletwa kwa kubebwa, akalazwa kwenye ngozi. Ulimi ulikuwa umekufa lakini mkono mmoja unafanya kazi. Walipouliza nani ashike fimbo, aliuinua mkono huo akamwonyesha Molu.

"Mzee anaonyesha kisima," alisema Kanchora.

"Anamwonyesha Molu!" Darmi alisema kutoka nyuma, walikokaa wanawake.

"Molu amekaa upande wa kisima, mama. Mzee anamaanisha Molu asitoke kisimani. Na mimi naungana naye. Ndugu zangu, huyu ni lulu ya Dungo. Mchotaji kama huyu hakuna. Tukimpandisha juu, chini tutamweka nani? Tutajiua wenyewe."

Wazee wakatikisa vilemba. Ni kweli, ni kweli, chini tutamweka nani. Ndivyo walivyomhukumu: miaka thelathini na tisa ya kufanya kazi vizuri ikageuzwa kamba ya kumfungia hapohapo. Halafu, na hapa ndipo damu inaponichemka, wakatafuta anayefaa, wakampata Galma. Kwa nini Galma? Kwa sababu, alieleza mmoja wa wale watano bila hata kuona haya, kijana huyu amewahi kushuka chini, amewahi kukaa juu, anakijua kisima pande zote mbili.

Asubuhi moja! Asubuhi moja ya kutapika!

Mzee Arero aligonga ngozi kwa ule mkono mmoja, akagonga tena na tena. Walisema mzee amechoka, wakambeba kumrudisha nyumbani.

Molu alisimama. Watu walingoja alipuke. "Siku ya Darmi inabaki palepale?" aliuliza.

"Inabaki."

"Na nafasi ya Sora?"

"Inabaki, inabaki."

"Sawa." Akaweka fimbo chini, akaondoka.

Darmi alimfuata hadi njiani. "Baba Elema! Umewaachia hivi hivi?"

"Ningefanyaje?"

"Ungesema! Siku ile ulisema, mpaka Kanchora akakosa pa kuweka uso!"

"Siku ile ng'ombe wako walikuwa wanakufa. Leo wanakunywa."

"Na wewe?"

"Mimi imeniuma," alisema. "Imeniuma sana, mama. Lakini mchana huu kuna watu wa Dida, wana ng'ombe mia."

Darmi alirudi akiwa amekunja uso, na hakwenda kwake. Alipitia kwa Bonaya. Waliongea nini mimi sijui, ila mke wa Bonaya alisema waliongea kama watu wanaogombana na mtu ambaye hayupo.

Zamu ya Darmi iliporudi, Galma alikuwa amekaa juu na kilemba kingine, kipya kuliko kile. Wazee walikuwepo, na Kanchora, na hata mzee Arero, kwa kuwa alikataa kula mpaka alipoletwa. Wachotaji walishuka, Molu wa mwisho, mahali pake. Bonaya akaanzisha wimbo, kwanza jina la baba wa zamu kama desturi, na jina lililopanda kutoka shimoni, likipita ngazi kwa ngazi kwenye midomo saba, lilikuwa Molu Tadhi.

"Mmekosea!" Galma aliruka. "Simamisheni! Mmekosea jina!"

Wimbo ukakatika. Ndoo zikasimama. Ng'ombe waliokwisha kufika horini wakaanza kulia.

"Imbeni jina la mwenye fimbo!" Kanchora alifokea shimo.

"Tumejaribu, mwenyekiti," sauti ya Bonaya ilijibu, ya upole kabisa. "Jana tulijaribu. Tukiimba Galma mikono inapishana. Ndoo zinadondoka. Kijana wa Halake, huyu aliye juu yangu, nusura apoteze jino."

"Upuuzi! Jina ni jina!"

"Basi shukeni nyinyi mje mrushe, sisi tuimbe huko juu."

Hakuna kilemba kilichosogea. Ng'ombe wakalia zaidi. Na hapo Darmi, aliyesimama horini kati ya ng'ombe wake, akainua wimbo mwenyewe, pale ulipokatika, kwa jina lilelile. Halake akaupokea. Wana wa Godana wakaupokea, mkubwa kwanza. Sora, Liban, uzio mzima, na mmoja wa wale wazee watano, goti lake bila shaka likiwa limepona, naye akafungua mdomo. Kwenye ngozi yake mzee Arero hakuwa na sauti, ila alikuwa anagonga mapigo kwa mkono.

Chini kabisa, maji magotini, Molu alisikia. Alikuwa amesikia majina ya watu wote wa nchi ile yakipita hapo juu ya kichwa chake, na la kwake hajawahi kulisikia ila siku walipomcheka. Bonaya anasema alisimama tu, ndoo mkononi, na kwamba uso wake ulikuwa umelowa, lakini huko chini kila mtu uso umelowa. Kisha akafoka kwa sauti ambayo haikusikika vizuri, "Mnaimba au mnachota? Ng'ombe wa Darmi wamesimama hapo!" Na ndoo ya kwanza ikapanda.

Fimbo anayo Galma mpaka leo, baraza halijabadilisha neno lake. Kila asubuhi anakaa nayo juu, kilemba safi, anasikiliza jina la mtu mwingine likiitwa hadi hori lijae. Halafu anajikohoza, anasogea mdomoni mwa kisima, anainama, na kuuliza kwa sauti ya chini nani anafuata.